Mkia wa Neno

Alhamisi, saa moja jioni, Dungannon.
Ukumbi wa parokia unanuka chai na makoti mabichi.
Mwalimu Bronagh anamwaga kadi mezani
kama mtu anayetaka kuchambua mchele:
nyuso arobaini na mbili za manjano,
kila uso na neno lake la Kiingereza mgongoni.
Hakuna uso wenye shingo.
Hakuna wenye tumbo.

Kwetu Timor hisia zina makao.
Laran, tunasema, humo ndani,
na humo ndani huweza kuumwa, kupanuka,
kuchacha kama tui la jana.
Hapa neno linasimama peke yake, mikono mifukoni,
kama wanaosubiri basi kwenye mvua.

Rasa, anayefungasha uyoga, ametwaa kadi ya hasira
akaitia kwenye mkoba. "Hii naijua. Nipe ngeni."
Plamen Mbulgaria kalala, shavu juu ya furaha.

Mimi nilikuja na aibu yangu ya Jumanne.
Kwenye mstari wa mabega ya nguruwe
msimamizi aliniuliza, U mzima, Odília?
Nikamjibu kwa sauti, nikijivunia Kiingereza changu:
Mimi ninachosha.
Mstari mzima ulicheka, visu hewani.

"Ni mkia tu," akasema Bronagh,
akaandika ubaoni maneno mawili, mapacha hadi kiunoni.
Mkia huu, jambo limekuingia.
Mkia ule, jambo linatoka kwako, linawaendea wengine.
Usiku nikajizoeza nikiosha sahani:
baridi inachosha, mimi nimechoka;
kodi ya nyumba inaogofya, mimi naogopa.
Ilinipendeza sarufi hiyo.
Kila mara nilikuwa upande wa aliyepigwa.

Hadi Jumapili.
Ujumbe kutoka Baucau, kwa binti yangu Zélia,
miaka kumi na mmoja, naye anajifunza Kiingereza,
vitabu vinne kwa watoto thelathini.
Nilikuwa nimemwambia Krismasi hii pia siji.
Ameniandikia mstari mmoja, hauna nukta:
Mama mimi navunja moyo

Alitaka kusema umevunjika.
Ndivyo nilivyosoma kwanza, nikacheka
kama mstari wa mabega ulivyonicheka.
Kisha kicheko kikanikauka.
Na kama hakukosea?
Kama amekaa kwa bibi yake miaka minne
akihesabu Krismasi, akapata jibu
kwamba mtu haachwi bure,
kwamba kuna kitu kinatoka kwake yeye
kinachomfanya mama apande ndege?

Alhamisi nikampa Bronagh simu.
Akasoma. Akafungua kalamu nyekundu, akaifunga.
"Kisarufi," akasema, "hakuna kosa."
Bomba la joto likagonga mara tatu ukutani.
Akaokota kadi za meza yetu moja moja,
asizipange.

Saa kumi na mbili asubuhi hapa, kule saa tisa mchana,
Zélia ametoka shule.
Nimevua glavu ya chuma, nimesimama kati ya makabati
na buti nyeupe za watu.
Kengele ya zamu, dakika sita.
Sitamsahihisha. Nitaushikaje mkia
na kichwa sijakiona?
Nitamuuliza kwa Kitetun, huko neno liliko na tumbo:
humo ndani mwako, mwanangu, kukoje,
na nani amepagusa?
Akisema ni mimi, basi ni mimi;
nitauvaa ule mkia mwingine mbele yake,
ule nisioutumia nikiosha sahani.

Simu inaita. Inaita.
Nyuma yangu mtu anafunga kabati,
ananiuliza kwa Kiingereza kama niko sawa.
Namwinulia kidole: ngoja.